Kuchagua Mahali pa Kufukia Takataka za Atomiki: Fundisho la Mashamba ya Karanga

Mtu yeyote aliyepata kushiriki katika kazi ya kuchimba visima kwenye nchi ya miamba migumu, kama ile ya Ruponda na sehemu nyingi za Nachingwea na Ruangwa, anajua kwamba visima viwili vyaweza kuchimbwa hatua chache tu baina yao, kimoja kikatoa maji mwaka mzima na cha pili kikawa kikavu. Sababu ni kwamba miamba ya namna hii yenyewe haipitishi maji. Maji hukaa katika tabaka la juu lililolegea na katika nyufa zilizojificha chini. Mchimbaji atazamapo uso wa nchi haoni nyufa hizo, hivyo hana budi kukisia.

Akikosea mchimba kisima, hasara yake ni jasho na fedha. Je, akosee yule anayetafuta mahali pa kufukia vitu ambavyo hatari yake hudumu kwa maelfu ya miaka?

Swali hili si la nchi za mbali tu. Ni kweli kwamba Tanzania haina kinu cha kuzalisha umeme kwa nguvu za atomiki. Hata hivyo, hospitali na viwanda vyetu hutumia vyanzo vya mionzi, na vinapochakaa huhifadhiwa Arusha chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Aidha, madini ya urani yamegunduliwa katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Madini ya urani yanaposafishwa hubaki tope lenye radiamu 226, ambayo nusu-uhai wake ni miaka 1,600. Nusu-uhai ni muda unaotakiwa ili nusu ya atomi za kitu chenye mionzi ziwe zimegeuka kuwa kitu kingine. Plutoniamu 239, ipatikanayo katika mabaki ya vinu vya atomiki, ina nusu-uhai wa miaka 24,100.

Kutokuwa na hakika kuko kwa namna tatu. Kwanza, kuna mabadiliko ya asili yanayoweza kupimwa, kama vile mvua ambayo mwaka huu ni nyingi na mwaka ujao ni haba. Pili, kuna mambo ambayo yangaliweza kujulikana lakini hayajachunguzwa, kama ufa uliopita katikati ya mashimo mawili ya uchunguzi. Tatu, kuna mambo ya baadaye ambayo hakuna chombo cha kuyapima: nani ataishi mahali hapo baada ya miaka elfu, naye atachimba nini?

Tuchukue mfano wa kubuni. Takataka zenye sesiamu 137, ambayo nusu-uhai wake ni miaka 30, zimefukiwa mita 1,000 kutoka kisima cha kijiji. Tuchukulie kwamba sesiamu husafiri pamoja na maji bila kushikwa na udongo. Wapimaji wanasema maji ya ardhini huenda kati ya mita 0.1 na mita 10 kwa mwaka. Tukitumia wastani, yaani karibu mita 5, maji yatafika kisimani baada ya miaka 200, na sesiamu itakayobaki ni kama sehemu moja katika mia. Lakini ikiwa mwendo wa kweli ni mita 10, maji yatafika baada ya miaka 100, na itakayobaki ni kama sehemu moja katika kumi. Wastani umeificha hatari iliyo kubwa mara kumi. Ndiyo maana mwanasayansi mwaminifu hatoi tarakimu moja pekee. Hutaja kiwango cha chini na cha juu, kisha huuliza kama mahali hapo patakuwa salama hata katika hali iliyo mbaya kupita zote.

Nachingwea ina kumbukumbu ya yale yanayotokea pale swali hilo lisipoulizwa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kutafuta mahali pa kulima karanga. Ujumbe ulitumia wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi uliikagua kutoka angani. Kwa msingi huo ukapangwa mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu, na kazi ilianza mwaka 1947. Huko Kongwa udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, ukayala majembe ya matrekta, nayo mvua haikuwa ya kutegemewa. Kusini, katika Nachingwea, ilibidi kwanza zijengwe bandari ya Mtwara na reli. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36, na reli hiyo ilifungwa mwaka 1962. Kosa halikuwa kutojua, kwani hakuna ajuaye yote. Kosa lilikuwa kutenda kana kwamba yote yanajulikana, bila kuanza na mashamba madogo ya majaribio.

Kosa kama hilo limetokea pia kwa takataka za atomiki. Kati ya mwaka 1967 na 1978 mapipa kama 126,000 yaliwekwa katika mgodi wa zamani wa chumvi wa Asse, Ujerumani. Tangu mwaka 1988 maji yamekuwa yakipenya humo, na mwaka 2013 sheria iliagiza mapipa hayo yatolewe. Kuyatoa ni kazi ngumu kuliko kuyaweka.

Wafini walishika njia nyingine. Walianza kuichambua nchi nzima mwaka 1983, wakachimba mashimo ya uchunguzi katika sehemu kadhaa, kisha wakachagua Olkiluoto, mahali pa mwamba mgumu. Wilaya ya Eurajoki ilikuwa na haki ya kukataa. Iliporidhia, Bunge likaidhinisha mwaka 2001. Hifadhi imechongwa kwenye kina cha mita 400 hivi, na usalama wake hautegemei kitu kimoja. Mabaki huwekwa ndani ya mikebe ya shaba, mikebe huzungushiwa udongo wa mfinyanzi, na vyote huzungukwa na mwamba. Kinga moja ikishindwa, nyingine zingalipo.

Kwa hiyo mambo manne yanatakiwa: kutaja mipaka ya ujuzi wetu, kuweka kinga zaidi ya moja, kwenda hatua kwa hatua huku njia ya kurudi ikiwa wazi, na kuwasikiliza wakaao mahali hapo.

Walimu waweza kuanzisha somo hili shuleni. Wanafunzi na wapime kina cha maji katika visima vya kijiji kila mwezi kwa mwaka mzima, waandike kipimo cha chini na cha juu, si wastani peke yake. Kisha wajadili: kama tungepima mwezi mmoja tu, tungedanganyika kiasi gani? Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika jambo hili wajukuu wenyewe ndio watakaojuta, nao hawapo leo kutoa shauri lao.