Meza ya CNC: Pima bodi kwanza, mfuko baadaye

SEREMALA anayefikiria kununua mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, maarufu kwa jina la CNC, huanza kwa kuuliza bei. Swali hilo ni la haki, lakini linatangulizwa mapema mno. Linalopaswa kutangulia ni ukubwa wa meza. Meza ikishafungwa karakanani haiongezeki, na marejesho ya mkopo hayasubiri, iwe mashine ni ndogo kuliko kazi au ni kubwa na inashinda imesimama.

Mashine nyingi zinazoagizwa kutoka China huitwa kwa namba, na namba hizo ndizo vipimo vya eneo la kuchongea. Inayoitwa 6090 ina milimita 600 kwa 900. Inayoitwa 1212 ina milimita 1,200 kwa 1,200. Inayoitwa 1325 ina 1,300 kwa 2,500, na 2030 ina 2,000 kwa 3,000. Mnunuzi akizijua namba hizo hawezi kuchanganywa na maneno ya muuzaji.

Kipimo cha kulinganisha nacho ni bodi inayopatikana sokoni. Bodi ya kawaida ya MDF au plaiwudi ni futi 4 kwa 8, yaani milimita 1,220 kwa 2,440. Meza ya 1325 imezidi bodi hiyo kidogo, na ziada hiyo ina kazi yake. Kisu chenye unene wa milimita 6 kikikata kuzunguka ukingo wa nje, katikati yake hupita milimita 3 nje ya bodi kila upande. Kwa hiyo, kuzunguka upana wa milimita 1,220, mashine inahitaji kusafiri milimita 1,226. Yenye safari ya 1,200 kamili haifiki. Aidha, klampu za kushikilia bodi nazo zinahitaji nafasi.

Wapo wanaochagua 1212 kwa hesabu kwamba bodi itakatwa vipande viwili kwanza. Hesabu hiyo inawezekana, ila ina gharama zisizoandikwa kwenye ankara. Kipande cha nusu bodi kina karibu milimita 1,220 kila upande, hivyo kingo zake hazifikiwi zote. Pia kila bodi hupandishwa mezani mara mbili. Karakana inayotumia bodi 10 kwa siku itapandisha mara 20 badala ya 10. Ikiwa kila kupandisha, kufunga na kupanga upya kunachukua dakika 6, saa nzima ya kazi imepotea kila siku.

Bidhaa zenyewe nazo zinasema. Mlango wa chumba huwa na urefu wa karibu milimita 2,100. Kichwa cha kitanda cha futi 6 kina milimita 1,830. Vyote viwili havikai kwenye 1212. Inawezekana kuchonga nusu, kisha kusogeza ubao na kumalizia nusu ya pili, lakini kosa dogo la kusogeza huonekana wazi katikati ya ua, na mteja hapokei kazi hiyo. Fundi wa milango na vitanda, kama walivyo wengi wa Keko jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, ana sababu ya kutazama 1325.

Kwa upande mwingine, anayetengeneza mabango ya majina, trei, fremu za picha na mapambo ya kubandika hahitaji meza hiyo. 6090 inamtosha. Milango ya makabati ya jikoni, ambayo mingi haizidi milimita 600 kwa 900, inachongeka vizuri kwenye 1212 endapo karakana ina msumeno mzuri wa meza wa kukatia bodi kwanza.

Tahadhari nyingine ni kwa wanaotumia bodi pana. Zipo bodi za milimita 1,830 kwa 2,750, zikiwamo zinazotengenezwa Afrika Kusini. Hizo haziingii kwenye 1325 bila kukatwa, na hapo ndipo 2030 inapokuwa na maana. Hata hivyo, upana wa ndani wa kontena la kawaida ni takriban mita 2.35. Fremu ya mashine ya upana wa mita 2 mara nyingi huzidi hapo, hivyo husafirishwa ikiwa imelazwa ubavu au imefunguliwa. Mnunuzi aulize mapema ni nani atakayeiunga na kuisawazisha, na kwa gharama ya nani.

NAFASI NA UMEME

Mwili wa mashine ya 1325 unachukua takriban mita 3.2 kwa 2.2. Ukiacha mita moja kila upande kwa ajili ya mafundi, eneo linafikia mita 5.2 kwa 4.2, yaani karibu mita 22 za mraba. Hapo bado hakuna mahali pa kuweka bodi. Bodi ya MDF ya milimita 18 ina uzito wa karibu kilo 40, hivyo watu wawili wanahitaji njia ya kupita nayo. Mlango wa karakana nao upimwe kabla ya mashine kufika.

Umeme ndio huwakwamisha wengi. Mashine ndogo yenye mota ya kilowati 2.2 inafanya kazi kwa umeme wa njia moja. Lakini 1325 yenye mota ya kilowati 6, pampu ya kuvuta hewa inayoshikilia bodi ya kilowati 5.5, na kifyonza vumbi cha kilowati 3, inafikia kilowati 14.5. Kwa njia moja ya volti 230, mzigo huo unazidi ampea 60. Unahitaji njia tatu, na gharama ya kuzivuta iingizwe kwenye hesabu ya mkopo tangu mwanzo. Anayetaka kupunguza mzigo anaweza kuchagua meza ya klampu badala ya pampu, akikubali kwamba kufunga kila bodi kutachukua muda zaidi.

Njia rahisi ya kuamua ni kufungua daftari la oda za miezi 3 iliyopita na kuandika kipimo cha kipande kikubwa katika kila oda. Ikiwa oda 8 kati ya 10 zinaenea kwenye meza ndogo, mbili zilizobaki zinaweza kupelekwa kwa fundi mwenye meza kubwa kwa malipo. Ikiwa nusu ya oda hazienei, meza ndogo haitakuwa rahisi hata ikiuzwa kwa nusu ya bei.