Kalamu ikigoma, usiisubiri

Mwalimu mmoja wa sekondari kule Uriri, Migori, aliniambia juzi: "Prof, riwaya yangu imekwama sura ya tatu, mwaka wa pili huu. Kalamu imekauka." Nilimuuliza ameifuta aya ya kwanza mara ngapi. Akacheka tu.

Kalamu yake haijakauka. Inasahihishwa kabla haijaandika. Yeye hufundisha insha, na akiketi kutunga, ile kalamu nyekundu inaketi naye. Upatanisho wa kisarufi, tahajia, sijui methali: yote hayo ni kazi ya rasimu ya pili.

Euphrase Kezilahabi alitoa Gamba la Nyoka mwaka wa 1979. Riwaya iliyofuata, Nagona, ikatoka 1990. Miaka 11! Lakini katikati hapo alisoma hadi uzamifu, tena akachapisha diwani, Karibu Ndani, mwaka wa 1988. Aliporudi kwenye riwaya alikuja na mtindo mwingine kabisa, mfupi, wa mafumbo. Grace Ogot naye, baada ya vitabu kadhaa vya Kiingereza, aligeukia Dholuo, akatuandikia Miaha (1983).

Basi nilimshauri mwalimu aiache sura ya tatu, aruke hadi tukio analoliona vizuri, hata kama ni la mwisho. Maneno yakikataa kuja kwa Kiswahili, ayaandike kwa Dholuo, atafsiri baadaye. Nusu saa kila alfajiri, kabla ya kufungua madaftari ya wanafunzi. Na asisome cha jana, ila sentensi ya mwisho tu.