Je, Wajua? Ushindi Pekee Haumfanyi Mtu Mwanajudo

Mpiganaji stadi hupimwa kwa kumshinda mpinzani, basi. Mweledi wa sanaa za mapigano hupimwa pia kwa adabu na kujitawala. Jigoro Kano, mwalimu wa Kijapani aliyeanzisha judo mwaka 1882, aliitaka ijenge tabia, si misuli tu. Ndiyo maana wachezaji huinamiana kabla na baada ya pambano. Katika Olimpiki ya Tokyo ya 1964, Anton Geesink wa Uholanzi alimbana chini Akio Kaminaga, tegemeo la wenyeji, akatwaa dhahabu. Washabiki wake walipokimbilia mkekani kushangilia, aliinua mkono kuwazuia. Mwaka 1997 alitunukiwa dani ya 10, daraja lisilopatikana kwa medali peke yake.