Mzee Mwenye Presha Asikalishwe Kitini

Hapa mjini Isiolo kuna desturi ninayokutana nayo mara kwa mara. Mzee akipimwa na kuambiwa ana presha, watu wa nyumbani humwondolea kila kazi. Mbuzi hukabidhiwa kijana, dukani hutumwa mjukuu, naye mzee huwekewa kiti kivulini apumzike. Nia yao ni njema, lakini moyo wake hawausaidii.

Shinikizo la damu likiwa 140 kwa 90 au zaidi kila lipimwapo, moyo hufanya kazi kupita kiasi. Miaka ikipita unaweza kushindwa, au mshipa wa ubongo ukaziba au kupasuka, mtu akapatwa na kiharusi. Anayetembea mara kwa mara huimarisha moyo, na mishipa yake hutanuka kwa urahisi zaidi. Akishika mazoezi kwa miezi michache, kipimo cha juu huweza kushuka kwa pointi 5 hadi 8.

Ushahidi mmoja unatoka kwa majirani zetu Wasamburu. Mwaka 1962, Dkt Gerald Shaper, aliyekuwa Makerere, alichapisha utafiti kuwahusu. Kwa wafugaji hao, shinikizo halikupanda na umri kama lipandavyo kwa watu wengi wa mijini. Lakini mwaka 1969 yeye na wenzake waliandika kuhusu vijana wa jamii za kuhamahama walioingia jeshini: shinikizo lao lilikuwa limepanda. Askari hakosi mazoezi. Kilichobadilika zaidi ni chakula, kwani cha kambini kilikuwa na chumvi nyingi. Kwa hivyo tembea, lakini punguza chumvi pia.

Je, mzee aanze vipi? Kwanza apimwe. Ikiwa shinikizo limefika 180 kwa 110, amwone daktari kabla ya kuanza. Kisha atembee dakika 10 kila siku, alfajiri au jua likishapoa, akiongeza kidogo kidogo hadi dakika 30, siku 5 kwa wiki. Mwendo unaofaa ni ule unaomwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Mara 2 au 3 kwa wiki, ainuke kitini na kuketi tena mara 10 bila kujishika, ili miguu ipate nguvu asianguke ovyo. Akiinua mtungi wa maji, asizuie pumzi, kwani shinikizo hupanda ghafla.

Jua letu ni kali. Anayemeza tembe za kumfanya akojoe anaweza kuishiwa maji mwilini na kupatwa na kizunguzungu, hivyo amwulize daktari anywe maji kiasi gani. Miraa nayo huongeza mapigo ya moyo na shinikizo. Mwenye presha aiache.

Akihisi maumivu kifuani, akikosa pumzi au kuona kizunguzungu, asimame mara moja na apelekwe hospitalini. Na kipimo kikishuka, asiache tembe kwa hiari yake. Mazoezi ni mwenzi wa dawa, hayachukui nafasi yake.

Basi jioni hii jua likipoa, mpe mzee wako bakora yake. Mwandamane polepole hadi sokoni, na kesho mwende tena.