Miti na Vichaka vya Kupunguza Kelele za Barabarani

Mtu akaaye kando ya barabara kuu mjini hana haja ya saa ya kumwamsha. Kabla ya jua kuchomoza, malori, mabasi, matatu na pikipiki huanza kunguruma, wala hazinyamazi mpaka usiku mwingi. Wengi husema kwamba wamezoea. Lakini madaktari wametuonyesha kwamba mwili hauzoei upesi hivyo: kelele za usiku huharibu usingizi, na zikidumu miaka mingi huweza kudhuru moyo.

Kwa sababu hiyo Kenya iliweka kanuni za kelele mwaka 2009. Penye nyumba za watu, kelele za nje zisizidi desibeli 50 mchana, na 35 usiku. Ili msomaji aelewe kipimo hiki, mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60, na lori zito lipitapo karibu huweza kuzidi 80. Sauti ikipungua kwa desibeli 10, sikio huiona kama imepungua nusu.

Safu moja haitoshi

Je, miti yaweza kutusaidia? Yaweza, lakini si kwa kila namna ya kupanda. Safu moja ya mijakaranda ni pambo zuri, tena hutupa kivuli. Lakini chini pana mashina matupu, na sauti hupita katikati yake bila kizuizi. Mwezi wa Novemba 2020, mugumo mkubwa wa zamani kando ya barabara ya Waiyaki, Nairobi, uliokolewa kwa amri ya Rais usikatwe kwa ajili ya barabara mpya ya juu. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini mti mmoja, hata uwe mkubwa namna gani, hauzuii ngurumo.

Kizuiacho ni ukanda mnene, wenye majani tangu ardhini hata juu. Ukanda wa upana wa mita 30 hivi huweza kupunguza desibeli 5 hadi 8. Majani na matawi hutawanya sauti nyembamba, na udongo laini chini yake humeza sehemu ya sauti, ambapo lami na saruji huirudisha.

Namna ya kupanda

Panda vichaka mbele, upande wa barabara, na miti mirefu nyuma yake. Chagua mimea idumuyo na majani mwaka mzima, maana mjakaranda hupukutisha majani yake. Kayaba, ambayo wakulima wengi wanaijua kwa ua wa ng'ombe, yafaa sana mbele. Saipresi yafaa nyuma. Lakini kayaba ina miiba mikali, basi isipandwe karibu na njia ya watoto. Tena kwenye kona vichaka vikatwe viwe vifupi, ili madereva waone mbele.

Mjini ni vigumu kupata mita 30. Penye nafasi ndogo, jenga kwanza ukuta usio na matundu, au tuta la udongo, lenye kimo cha kuyaficha magari yasionekane kutoka dirishani. Hilo peke yake huweza kupunguza desibeli 5. Kisha panda vichaka juu ya tuta au mbele ya ukuta.

Siku hizi shule na makanisa mengi yaliyo kando ya barabara hung'oa ua wa zamani na kuweka wavu wa chuma ili mahali paonekane nadhifu. Wavu huzuia mwizi, hauzuii sauti hata kidogo. Kamati zenye ua mnene na ziutunze. Zisizo nao na zipande mvua za masika zianzapo. Ua huchukua miaka kadhaa kukua, na mtoto aketiye darasani leo anahitaji kumsikia mwalimu wake.