Mwani na Likeni: Mwili Usio na Mizizi na Maana Yake kwa Afya

Mmea wa kawaida, kama vile mhindi au mwembe, una mizizi ya kufyonza maji, shina la kuyapandisha na majani ya kutengenezea chakula. Mwani na likeni ni viumbe visivyo na viungo hivyo. Mwili wao huitwa thalasi, nao hauna mishipa ya kusafirishia maji; sehemu zake hufyonza moja kwa moja kutoka katika maji au hewa inayouzunguka. Umbile hilo ndilo linaloeleza kwa nini viumbe hivi hunufaisha tiba, na kwa nini vyaweza pia kudhuru.

Mwani hutofautiana sana kwa ukubwa. Klorela ni seli moja isiyoonekana kwa macho matupu, ilhali mwani mkubwa wa kahawia katika pwani ya Pasifiki ya Amerika hufikia zaidi ya mita 30. Mwani huo una kishikizo kinachofanana na mzizi, lakini kazi yake kuu ni kuushikiza kwenye mwamba, si kuulisha. Kwa sababu hiyo wakulima wa Zanzibar, ambao wengi wao ni wanawake, huweza kukuza mwani mwekundu kwa kufunga vipande vya matawi kwenye kamba baharini. Kilimo hicho cha biashara kilianza mwaka 1989. Kipande hakihitaji mzizi. Hufyonza virutubisho na kukua pale kilipofungwa.

Ukuta wa seli za mwani mwekundu una utomvu mzito unaouwezesha mwili kupinda katika mawimbi bila kukatika. Mwani wa Zanzibar hutoa karajini, inayotumika kuzitia uzito dawa za meno na vyakula vya maziwa. Jamii nyingine za mwani mwekundu hutoa agari. Mwaka 1881 Fanny Hesse alimshauri mumewe, Walther, aliyekuwa akifanya utafiti katika maabara ya Robert Koch, aitumie kuoteshea bakteria, kwa kuwa jelatini iliyeyuka katika joto. Agari hubaki imara katika nyuzi 37 za Selsiasi, na hadi leo maabara za hospitali huitumia kutambua vimelea vya magonjwa.

Hata hivyo, mwili unaofyonza virutubisho hukusanya pia vitu vingine. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Gramu moja tu ya baadhi ya mwani wa kahawia wa bahari za baridi, ukiwa mkavu, huweza kuwa na zaidi ya mikrogramu 1,000. Kuutumia mara kwa mara huweza kuvuruga tezi ya thairoidi, hasa kwa mgonjwa ambaye tezi yake tayari ina hitilafu.

Likeni si kiumbe kimoja, bali ni ushirika wa kuvu na mwani, au bakteria wanaotumia mwanga kujitengenezea chakula. Likeni nyingi zenye umbo la jani, zikikatwa na kutazamwa kwa hadubini, huonyesha gamba la juu lililosongamana. Chini yake tabaka la mwani. Kisha nyuzi za kuvu zilizolegea zinazopitisha hewa. Na mwisho gamba la chini. Mwani hutengeneza sukari, nayo kuvu huupa makazi. Kwa kuwa likeni hupokea chochote kinacholetwa na hewa, jamii nyingi hufa pale hewa inapochafuliwa na moshi wa salfa.

Jamii ya Usnea, inayoning'inia kama ndevu katika misitu ya juu ya Kilimanjaro, huhifadhi kwenye gamba lake asidi ya usniki, ambayo huzuia ukuaji wa baadhi ya bakteria. Lakini asidi hiyo huweza kuharibu ini. Mwaka 2001 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watu waache kutumia vidonge fulani vya kupunguza uzito, vilivyokuwa na chumvi ya asidi hiyo pamoja na viambato vingine, baada ya baadhi ya watumiaji kuumia ini vibaya.

Basi anayetumia unga au vidonge vya mwani au likeni amweleze mhudumu wa afya, hasa akiwa mjamzito au mgonjwa wa ini au wa tezi ya thairoidi. Macho au ngozi ikigeuka manjano, au mkojo ukiwa mweusi, aache kuvitumia na awahi hospitalini. Kitu kuwa cha asili si uthibitisho kwamba ni salama.