Kilomita Pekee Hazitoshi

Ndugu mkulima, ukienda kununua ng'ombe wa maziwa huulizi umri wake tu. Wauliza amezaa mara ngapi, aliugua nini, na kama mwenyewe anayo kadi yake. Mbona basi pikapu ya kubebea maziwa, yenye bei ya ng'ombe wengi, wainunua kwa kutazama rangi na mita ya kilomita?

Mita yaweza kusema uongo. Nyingi za zamani zilikuwa na tarakimu tano tu, na zikipita 99,999 zilirudi sifuri. Za siku hizi ni za umeme, lakini wapo watu wanaozirudisha nyuma. Kwa hiyo piga hesabu. Gari ya miaka 7 yenye kilomita 40,000 imekwenda karibu kilomita 16 kwa siku. Kama mwenyewe alipeleka mboga mjini kila asubuhi, hesabu hiyo yakataa. Tazama mpira wa pedali kama umelika, na kiti cha dereva kama kimebonyea. Pedali mpya katika gari kuukuu nayo ni jambo la kuuliza.

Mimi ni karani, si fundi, na somo hili nililinunua ghali. Nilichukua gari yenye kilomita chache, safi kabisa, isiyo na risiti hata moja. Baada ya miezi mitatu mkanda wa taimingi ulikatika njiani, vali zikagonga pistoni, na karo ya watoto ikaishia gereji. Jirani yangu ana gari yenye kilomita 280,000. Kila anapobadilisha oili huandika tarehe na kilomita katika daftari, na gari hiyo ingali inapanda mlima na mikebe ya maziwa.

Basi omba risiti za gereji, uzipange kwa tarehe. Kilomita lazima ziongezeke. Risiti ya mwaka jana ikisema 150,000 na mita leo yasema 90,000, mshukuru muuzaji uende zako. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Katika injini nyingi ni karibu kila kilomita 100,000, ingawa nyingine zina mnyororo.

Mwambie muuzaji asiwashe injini kabla hujafika. Fungua kifuniko cha oili: ukiona povu la rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia. Kisha iwashe ingali baridi, mpande mlima pamoja na fundi wako wewe, si wa muuzaji.